Pikipiki ya Tabora na Hewa ya Pwani



Wanachama kadhaa wamekuja ofisini kuuliza jambo moja: pikipiki inayochukua karafuu kutoka shambani mpaka uwanja wa kuanikia yawezaje kuongezwa nguvu? Wengine hawakungoja jibu. Wamekwisha kukata ekzosi, wametoa chujio la hewa, wamechokoa tundu la jeti kwa waya, na sasa kelele zao twazisikia kabla hatujawaona wenyewe. Kwa hivyo nimeona yafaa niandike yale niliyojifunza, kwani niliyalipia, na bei yake haikuwa ndogo. Mafunzo hayo sikuyapata hapa kisiwani. Niliyapata Tabora, mbali na bahari, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye hajapata kuona mkarafuu.

Mimi si fundi. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye chombo, ili ajue la kumuuliza fundi wake, na ajue la kukataa.

KHASARA YANGU

Miaka mitatu iliyopita mtoto wa ami yangu, ambaye anakaa Tabora na kufanya biashara ya asali, aliniuzia pikipiki yake, hizi ambazo vijana huziita "sisi 150". Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Bomba la ekzosi lilikuwa limefunguliwa na kutolewa vizuizi vya ndani, na kasha la chujio lilikuwa limetobolewa ubavuni ili hewa ipite kwa wingi. Aliniambia kuwa aliipanda miaka miwili kwenda Sikonge na kurudi, na kuwa tangu alipoifungua hivyo pikipiki "iliamka". Alisema kweli. Ikaletwa Dar es Salaam kwa gari moshi, kisha ikavuka bahari.

Ikanifanyia kazi vizuri mpaka wiki ya tatu ya uchumaji. Siku ile nilikuwa nimepakia magunia mawili ya karafuu mbichi, jua la saa nane, napanda mlima. Nikasikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Sikusimama, kwani nilikuwa na haraka. Hatua chache mbele injini ikazima, wala haikuwaka tena. Ilipofunguliwa, kichwa cha pistoni kilikuwa na tundu la kupitisha kidole kidogo.

Mnajua wenyewe yaliyofuata. Karafuu zilizokuwa shambani zikakaa ndani ya magunia siku mbili kwa kukosa chombo. Karafuu mbichi ikilundikwa hupata joto, na ikija kuanikwa baadaye hutoka mpeta, nyepesi, imesinyaa, haina mafuta ya kutosha. Nikauza kwa bei ya chini. Wachumaji wakangoja haki yao siku nne, jambo ambalo sikupata kulifanya. Nikampigia simu ndugu yangu nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wa ami yake, kuwa aliniuzia chombo kibovu naye anajua. Yeye akakata simu. Tukakaa miezi minane bila ya kusemezana.

Msiba wa shangazi yetu ndio ulionipeleka Tabora. Baada ya khitima nilikwenda peke yangu kwenye karakana moja karibu na soko, nikamweleza fundi habari ya pikipiki ile. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: "Sheikh, hukuuziwa pikipiki mbovu. Uliuziwa pikipiki ya Tabora."

Maneno hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

NJIA YA KUPANDA

Tabora si mahali pageni kwetu. Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo penye ukame, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857 wakakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kujenga nyumba. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872, na nyumba ya tembe ya kumkumbuka ingali ikionyeshwa kwa wageni. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, baba yake alikuwa na makao huko Unyamwezi. Yeye mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905 akiwa na mashamba. Wala haifai kuitaja njia hiyo tukanyamaza kuwa walipitishwa humo watu waliofungwa minyororo, na kuwa mikarafuu mingi ya kwanza ya visiwa hivi ilipandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watu waliotekwa bara.

Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili kwa mtu, yaani ratili 70. Mwanachama yeyote aliyewahi kujitwika karafuu za frasila mbili anajua uzito huo. Wao walikwenda nao kwa miezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi hiyo ikaisha. Leo mizigo ya vijijini, asali, tumbaku, mahindi na mkaa, huchukuliwa na pikipiki.

Lakini kuna jambo ambalo mpagazi alilijua kwa miguu yake na sisi wa visiwani hatulijui. Njia ile ni ngazi. Bagamoyo ipo usawa wa bahari. Morogoro imeinuka kiasi cha mita 500, Dodoma zaidi kidogo ya mita 1,100, na Tabora kiasi cha mita 1,200. Kutoka Tabora kwenda Ujiji njia hushuka tena, kwani maji ya Ziwa Tanganyika yapo kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Mtu aendaye kwa gari moshi haoni mlima mkubwa, hudhani nchi yote ni tambarare. Visiwani kwetu hakuna kilima cha kufika hata mita 150. Kwa hivyo hatukupata kufikiri kuwa hewa ya mahali pamoja yaweza kuwa si sawa na ya mahali pengine.

HEWA YA TABORA

Fundi yule alinipa chupa tupu ya plastiki, ya maji ya kunywa. Akaniambia niifunge kifuniko kwa nguvu pale pale, niitie katika mkoba, wala nisiifungue mpaka nifike Dar es Salaam. Nilipofika niliitoa, nikaikuta imebonyea mbavu kama iliyominywa na mkono. Hapana aliyeiminya ila hewa. Hewa niliyoifunga Tabora ilikuwa nyepesi, na hewa ya pwani ni nzito, basi ya nje ikaisukuma ya ndani. Mwanachama atakayesafiri bara na ajaribu mwenyewe, kwani jaribio hili halina gharama.

Katika kimo cha Tabora hewa imepungua uzito kwa kiasi cha sehemu moja katika nane ikilinganishwa na ya pwani. Sasa, injini ni nini? Ni pampu ya hewa. Kila pistoni ishukapo huvuta hewa ya ujazo ule ule, awe mtu yupo Pemba au Tabora. Lakini katika ujazo huo, Tabora mna hewa kidogo zaidi, na penye hewa kidogo huungua petroli kidogo. Kwa hivyo injini iliyotoa nguvu za farasi 10 hapa kisiwani, Tabora haifiki hata 9. Upungufu huo ni wa mahali. Hapana fundi awezaye kuuondoa kwa jeti, kwani jeti haileti hewa.

KAZI YA KABURETA

Petroli haiungui peke yake. Gramu moja yataka hewa kiasi cha gramu 14.7 ili iungue yote isibaki hewa wala petroli. Ukihesabu kwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa ya pwani. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huu, nayo huipima kwa njia rahisi: hewa hupita mahali pembamba kwa kasi, kasi hiyo huvuta petroli kupitia tundu dogo, na tundu hilo ndilo jeti. Katika kabureta nyingi namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti namba 100 ina tundu la milimita moja. Mwenye kuichokoa kwa waya huiharibu, kwani tofauti ya namba moja na nyingine haionekani kwa macho.

Kabureta haiwezi kujua kuwa imehama mji. Hewa ipunguapo uzito kwa sehemu 12 katika mia, petroli inayovutwa haipungui kwa kipimo hicho hicho. Hupungua kiasi cha sehemu 6 tu. Matokeo yake ni kuwa petroli inazidi. Injini iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ikifika Tabora, hula petroli zaidi ya inavyoweza kuichoma. Hukohoa, hutoa moshi mweusi, plagi hupata masizi, na ikipewa mafuta kwa ghafula husita kabla ya kuondoka. Petroli inayozidi huosha oili katika kuta za silinda, na nyingine hushuka ikachanganyika na oili ya chini. Haya yote huiua injini, lakini polepole.

Kinyume chake ni hewa kuzidi petroli. Hapo injini huwa na joto kali, hulia kokoto ikipanda mlima, plagi huwa nyeupe kama chokaa, na mara nyingine ekzosi hupiga risasi ukiachia mafuta. Mauti yake hayaji polepole. Huja kwa siku moja, yenye jua na mzigo na mlima, kama ilivyokuwa siku yangu.

CHUJIO NA EKZOSI

Sasa tuje katika jambo linalowapendeza vijana. Je, kufungua njia ya hewa na kufungua ekzosi huongeza nguvu?

Jawabu ni kuwa huweza kuongeza, kwa sharti. Ikiwa hewa yaingia kwa wepesi na moshi watoka kwa wepesi, injini hupitisha hewa nyingi zaidi. Lakini hewa ikizidi, petroli nayo hapana budi izidi, ama sivyo mchanganyiko utakosa petroli. Mtu akifungua njia mbili hizi bila ya kubadili jeti, hajaongeza nguvu. Ameongeza joto.

Tena ekzosi si bomba la kutolea moshi tu. Moshi utokapo kwa nguvu, nyuma yake huacha mvuto, na mvuto huo husafiri ndani ya bomba mbele na nyuma kama wimbi la bahari katika mlango wa ghuba. Urefu na upana wa bomba umepimwa na waliolitengeneza ili mvuto urudi kwenye valvu wakati ufaao, usaidie kutoa moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya. Bomba likikatwa, wimbi hilo hurudi wakati mwingine, mara nyingi kwa mwendo wa kasi sana. Basi pikipiki huweza kukimbia zaidi kidogo katika barabara iliyonyoka, na kupoteza nguvu katika mwendo wa chini. Nasi twafanya kazi katika mwendo wa chini: gia ya kwanza na ya pili, magunia nyuma, njia ya udongo. Mwenye karafuu akikata ekzosi ameuza nguvu anayoihitaji akanunua kelele.

Ama chujio, Tabora lilinifundisha jambo jingine. Tangu Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, na njia za mashambani ni mchanga na vumbi. Fundi alinionyesha silinda mbili. Moja ilitoka kwenye pikipiki iliyotunzwa chujio, na kuta zake zilikuwa laini. Ya pili ilitoka kwenye pikipiki iliyotolewa chujio, nayo ilikuwa imechorwa mistari kama iliyokwaruzwa na msasa, ringi zimelika, na mwenye chombo alikuwa akilalamika kuwa inatoa moshi wa buluu na kumaliza oili. Kisiwani vumbi letu ni dogo kuliko lile, lakini tunalo, khasa katika njia za mashamba wakati wa kiangazi. Hapana nguvu yoyote inayopatikana kwa kutoa chujio ambayo itafidia silinda mpya.

KWA NINI PISTONI YANGU ILITOBOKA

Naamini msomaji amekwisha kuona yalikotokea. Pikipiki ya ndugu yangu ilipokuwa mpya kule Tabora, petroli ilizidi kwa sababu ya kimo. Dawa iliyo sawa ilikuwa ni kutia jeti ndogo kidogo. Yeye hakujua hilo, wala waliomshauri. Walifungua chujio na ekzosi, hewa ikaongezeka, na kwa bahati hewa ile iliyoongezeka ikalingana na petroli iliyokuwa ikizidi. Ndiyo sababu "iliamka". Ilikuwa makosa mawili yaliyosawazishana kama mizani, na mizani hiyo ilikaa sawa kwa hewa ya Tabora tu.

Ilipofika kisiwani, kosa moja likaondoka. Hewa ikawa nzito, petroli haikuzidi tena. Kosa la pili, chujio na ekzosi vilivyofunguliwa, likabaki. Hewa ikaizidi petroli. Kwa mizigo midogo sikuona chochote, labda wepesi tu, na wepesi huo ulinidanganya. Nilipoitia mzigo mzito katika mlima na jua la saa nane, joto likapita kiasi, pistoni ikayeyuka katikati. Ndugu yangu hakunidanganya. Aliniuzia kitu ambacho kwake kilikuwa kizima.

NJIA YA KUFUATA

Haya ndiyo niliyoandikiwa na fundi yule, nami nimeyajaribu kwenye pikipiki niliyonayo sasa.

1. Kabla ya kubadili kitu, rudisha chombo katika hali yake. Chujio safi, ekzosi nzima, plagi ya namba iliyoandikwa katika kitabu, valvu zimepimwa, oili mpya. Injini nyingi zinazosemwa kuwa "hazina nguvu" hazina ila chujio lililoziba, mnyororo uliolegea, breki inayokamata au matairi yasiyo na upepo.

2. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kivulini, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. Usilioshe kwa petroli, kwani ni khatari ya moto. Chujio la karatasi halioshwi; hugongwa taratibu litoke vumbi, na likichakaa hubadilishwa. Tabora wakati wa vumbi mafundi hulitazama kila wiki. Kwetu mara moja kwa mwezi yatosha, na kila wiki wakati wa msimu.

3. Tazama mpira unaounga kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa hupenya bila ya kupimwa, na dalili zake ni zile zile za kukosa petroli. Wengi wamebadili jeti mara tatu, na ubovu ulikuwa ni mpira.

4. Jua sehemu za kabureta. Injini ikinguruma tu bila ya kwenda, na mpaka robo ya mafuta, kazi ni ya jeti ndogo na parafujo yake. Tangu robo mpaka robo tatu ni kazi ya sindano. Tangu robo tatu mpaka mwisho ni kazi ya jeti kubwa. Kwa hivyo ubovu uulize kwanza: unatokea nikiwa nimefungua mafuta kiasi gani? Mwenye kubadili jeti kubwa kwa ubovu wa robo ya mafuta anatibu kichwa kwa maumivu ya mguu.

5. Sindano ina vipengele vya kupachikia kibanio. Kibanio kikipandishwa, sindano hushuka na petroli hupungua. Kikishushwa, sindano hupanda na petroli huzidi. Sogeza kipengele kimoja tu kwa mara moja. Ama parafujo, ikiwa imewekwa upande wa injini hupima petroli, na kuikaza ni kupunguza petroli. Ikiwa upande wa chujio hupima hewa, na kuikaza ni kuzidisha petroli. Mafundi wengi hukosea hapa, basi tazama ipo upande gani.

6. Jaribu kwa choki. Injini ikiwa imepata moto na inasitasita, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, inakosa petroli. Ikizidi kukohoa, petroli imezidi.

7. Soma plagi. Panda mlima kwa dakika chache kwa mafuta yale yale bila ya kubadili, kisha kamata klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ingurume. Ikipoa kidogo, fungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli haitoshi, na hapo usitie mzigo mpaka urekebishe.

8. Anayepeleka pikipiki ya pwani kukaa Tabora atapunguza jeti kubwa kwa namba moja, kwa mfano kutoka 100 kuja 97 na nusu, kisha asome plagi. Anayeleta pikipiki ya Tabora pwani hana budi kuirudishia jeti kubwa kabla hajaipakia mzigo. Kwa safari ya siku mbili tatu hapana haja ya kubadili. Kukohoa kidogo si ubovu, na ni salama zaidi kuliko kukosa petroli.

9. Ukifunga ekzosi iliyo nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako, ongeza jeti kubwa kwa namba moja au mbili, anzia petroli iliyozidi na ushuke taratibu. Usianzie iliyopungua.

10. Ukitaka nguvu ya kupanda na mzigo, badili sproketi ya nyuma, utie yenye meno mawili au matatu zaidi. Utapoteza mwendo kidogo katika barabara kuu, nawe utapata nguvu mlimani bila ya kugusa injini. Fundi yule aliniambia kuwa wachukuzi wa mizigo walio na akili hufanya hivi kwanza, na kelele huwaachia wengine.

VYOMBO VYA AINA NYINGINE

Wanachama wawili wameuliza habari za pikipiki za magurudumu manne, hizi zenye matairi mapana ya kwenda penye matope. Kampuni ya Honda ilianza kuuza jamii ya vyombo hivi, kwa magurudumu matatu, mwaka 1970, na ya magurudumu manne yakafuata katika miaka ya themanini. Kabureta zao hufuata sheria ile ile. Lakini chombo hiki ni kizito, huenda polepole, na kikiwa na injini ya kupozwa kwa upepo, upepo anaoupata ni mdogo. Kwa hivyo kukosa petroli humdhuru upesi zaidi kuliko pikipiki ya kawaida, na mwenye kumfungulia ekzosi na hewa asisahau jeti hata siku moja.

Injini mpya zisizo na kabureta, zenye kompyuta na vipimo vya hewa, hujirekebisha zenyewe zikipanda Tabora au zikishuka pwani. Hizo hazina jeti ya kubadili. Nazo zataka chujio safi vile vile.

Ama wenye mashine za mashua za kuchanganya petroli na oili, wajue kuwa petroli ikipungua, oili nayo imepungua, maana vinakwenda pamoja. Hizo hunoki mara mbili: kwa joto na kwa ukavu.

MWISHO

Usiku ule baada ya kutoka kwa fundi nilikwenda nyumbani kwa mtoto wa ami yangu. Nilimweleza yote, tangu chupa ya maji mpaka mizani ya makosa mawili, nikamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto, kwa kuwa maneno yangu ya simu nao waliyasikia. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kaka, miezi minane nilikuwa nikijiuliza, nimemfanya nini?" Hilo lilinichoma kuliko bei ya pistoni. Shangazi yetu aliugua na kufariki katika miezi hiyo, nasi kila mmoja alikuwa akipata habari zake kwa mtu wa tatu.

Ndugu Wanachama, msimu unakaribia. Tuvirudishe vyombo vyetu katika hali yake, tusome plagi kabla ya kupakia magunia, na tukisikia sauti ya kokoto tusimame hapo hapo, hata kama tuna haraka. Na chombo kikiharibika, tumuulize fundi kwanza kabla hatujamtuhumu aliyetuuzia.

Aliye na swali aje ofisini siku za kazi, asubuhi. Plagi yangu ya zamani na pistoni iliyotoboka nimeviweka juu ya meza, kila mwanachama avione kwa macho yake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama